Kuloki adui kwenye gemu za panga: mmoja kwa mmoja nashinda, wakija wawili nakufa

mpanguaji_tanga

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa mnaocheza gemu za upanga mtandaoni, hasa For Honor. Nimekwama mahali pamoja miezi mitatu sasa na gemu lenyewe nalipenda mno, sitaki kuliacha.

Nacheza PS4, nipo Tanga. Mhusika wangu ni Warden, yule wa upanga mrefu wa mikono miwili. Kwa asiyelijua hili gemu: ukishika L2, kamera inamkamata adui mmoja na wewe unabaki umemkabili huyohuyo. Ndiyo tunaita kumloki. Hapo stiki ya kulia inaacha kuzungusha kamera, inakuwa ya kuweka upanga juu, kushoto au kulia. Pigo lake likija upande uliouweka upanga, unalikinga. Ukibonyeza R2 kwa wakati wake hasa, unalipangua, naye anayumba na unampiga bure.

Mechi za Duel, mmoja kwa mmoja, naziweza. Nazuga vizuri, napangua, nikikutana na mtu anayepiga ovyo namaliza nikiwa na damu zaidi ya nusu. Shida ni Dominion, wanne kwa wanne, mnagombania maeneo A, B na C.

Nieleze ya juzi usiku, maana nimeiangalia zaidi ya mara kumi. Nilikuwa nalinda eneo A peke yangu. Akaja Orochi, mhusika mwingine wa gemu hili. Nikamloki, tukaanza. Nampangua, anarudi nyuma, namfuata, nimembakishia damu ya pigo moja. Kumbe Raider, mwenzake wa shoka, anakuja kwa mbio upande wa nyuma yangu. Akanikumba, akanibeba mzima mzima, akaenda kunitupa ukingoni. Nimekufa huku nina damu nyingi kuliko Orochi.

PS4 inahifadhi dakika 15 za mwisho ukibonyeza Share, kwa hiyo nikaitazama ile video taratibu. Nikaona vitu viwili. Kwanza, Raider alionekana pembeni ya skrini kabla hajanifikia. Alama yake ilikuwepo, mimi sikuiona kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye upanga wa Orochi. Pili, na hili limeniuma, nimehesabu kuanzia Orochi alipofika mpaka nilipotupwa: sekunde 38. Sekunde zote hizo kidole changu hakikuachia L2 hata mara moja. Kamera haikugeuka. Nilikuwa kama mtu anayepigana akichungulia kwenye tundu la ufunguo.

Binamu yangu anacheza Chivalry 2, ambayo haina kuloki kabisa, unalenga mwenyewe. Anasema kuloki ndiko kunakoniua, kwamba nimezoea kushikwa mkono na mashine, na nisipohama sitajua kupigana na kundi maisha yangu yote. Mimi sijashawishika, kwa sababu bila kuloki kwenye For Honor huwezi hata kukinga. Lakini sina jibu la kumpa.

Kwa hiyo nauliza kwa moyo wote: L2 inatakiwa ishikwe lini na iachiwe lini ukiwa umezungukwa? Ukimloki mmoja, yule mwingine unamkingaje? Na kuna hili la intaneti: pingi yangu (muda wa ishara kwenda kwenye seva na kurudi) usiku ni milisekunde 170 mpaka 190. Je, ndiyo inayonifanya nimng'ang'anie mmoja kwa sababu nachelewa kuona? Naomba majibu ya watu mnaocheza kweli.

---

kijana_wa_likoni

Mie hucheza For Honor na mhusika Shugoki, na yalonifika ni hayohayo. Nililojifunza ni moja: ukimuona wa pili, ushindi wako si kuua tena, ni kuchelewesha. Wawili wakikufukuza wewe, wenzako ni watatu dhidi ya wawili kwingine kote. Toka pale A, wazungushe, waache waje. Umekufa kwa sababu ya tamaa ya lile pigo moja lililobaki. Ungemwachia Orochi akaenda zake na damu yake kidogo.

Mengine mngoje fundi, yeye huyajua kuliko sisi.

---

fundi_padi_msa

Mdogo wangu wa Tanga, salaam. Umeuliza vizuri na umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi, kuhesabu sekunde. Nitakujibu kwa urefu, niwie radhi.

Kwanza nikuulize: padi yako ina umri gani, na ulinunua mpya au ya mtumba? Usidhani nakwepa swali. Mimi natengeneza padi hapa Mombasa mwaka wa kumi na moja huu, na kabla sijasikia hadithi ya mteja huwa naweza kukisia anacheza nini kwa kuifungua tu. Wa mpira R2 yake imelegea kwa kukimbia na stiki ya kushoto mpira wake umemeguka. Wa gemu za panga wanakuja na L2 iliyochoka na stiki ya kulia inayojiendea. Nitarudi hapo.

Sasa kuloki. Watu wanaona ni kamera tu, lakini kitufe kile kinafanya kazi tatu kwa pamoja. Kinashika kamera. Kinageuza kiwiliwili chako kimwelekee yule mtu kila anapokwenda. Na kinalipeleka pigo lako kwake. Katika hizo tatu, mgeni anaipenda ya tatu, na inayomuua ni ya kwanza.

Nilianzia Dark Souls mwaka 2011. Kule unaloki kwa kubonyeza stiki ya kulia, R3. Ukiwa umemloki mtu, kubiringika kwako ni pande nne tu: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Ukiachia, unabiringika popote stiki inapoelekea. Mtu akikuvamia mtandaoni na anajua hilo, anakuona umeloki kwa namna unavyotembea: unamzunguka kimshazari kama kaa, uso haubanduki kwake. Basi anajua utabiringikia wapi, anaupeleka upanga hapo kabla hujafika. Nimekufa hivyo mara nyingi mpaka nikaelewa.

Na kuna jambo la ngao. Ngao kule inakinga kilicho mbele yako. Aliyeloki pigo lake linakwenda katikati ya ngao. Aliyeachia anaweza kusimama pembeni kidogo, akaupiga upanga kama anapiga hewa ya kando yako, ncha ikakuingia kwa nyuma ya ngao. Mkono ule ule, upanga ule ule, tofauti ni kwamba hakuiruhusu mashine imnyooshee pigo. Ndiyo maana wakali wa Dark Souls, na sasa Elden Ring, utawaona wanaloki, wanaachia, wanaloki, kama mtu anayepepesa macho.

Lakini binamu yako naye asikubabaishe. Kuloki hakukuwekwa kwa ajili ya wavivu. Shika padi yako utazame kidole gumba cha kulia. Kidole hichohicho ndicho cha kamera na ndicho cha X, mraba, duara na pembetatu. Ukibonyeza mraba, kamera haina mwenyewe. Mwenye kipanya ana mkono mzima wa kuangalia, sisi tuna kidole kimoja chenye kazi mbili. Ndiyo sababu Dark Souls na For Honor zimeweka mapigo R1 na R2, ili gumba libaki kwenye stiki, na bado halitoshi. Kwa hiyo mashine inaishika kamera kwa niaba yako. Ni haki yako.

Tatizo lake ni la asili. Mtindo huu wa kumshika adui mmoja ulijulikana sana na Ocarina of Time kwenye Nintendo 64, mwaka 1998, kwa kitufe cha Z. Kule ulikuwa unacheza peke yako dhidi ya mashine, na waliolitengeneza gemu walipanga kwamba ukimshika mmoja, wengine wasubiri. Yaani kitufe kilikuwa na makubaliano na maadui! Ukakichukua ukakipeleka mtandaoni, kwa watu wenye akili zao. Raider wa juzi hakuambiwa na mtu asubiri zamu. Kitufe kimebaki, makubaliano hayapo.

Haya, ufanyeje. For Honor kwa upande huu ina jambo zuri ambalo naona hujalitumia. Ukiwa umemloki Orochi na Raider akakupiga kutoka kushoto, huhitaji kujua kama pigo lake ni la juu au la upande. Unapeleka kinga upande aliko yeye. Yuko kushoto, stiki kushoto. Yuko kulia, stiki kulia. Kwa hiyo kwa uliyemloki unasoma upanga, kwa mwingine unasoma mahali aliposimama. Ni kusoma kwa aina mbili kwa wakati mmoja na inachosha kichwa, lakini inajifunzika. Na ukikinga ukiwa umezungukwa, ule mstari wa Revenge, unaokupa nguvu ya ziada kwa muda, unajaa upesi.

Ila kukumba kwa Raider anayekuja kukubeba hakukingiki kwa upanga. Huyo unamkwepa, na kumkwepa lazima umeona anakuja. Hapo ndipo L2 inaachiwa. Achia nafasi zinapojitokeza: adui amerudi nyuma, amekwepa, ameishiwa pumzi, wewe umempangua na yeye anayumba. Hizo ni nafasi za nusu sekunde. Achia, zungusha kamera, shika tena. Wewe juzi ulipompangua Orochi akarudi nyuma, ulipewa nafasi hiyo bure na ukaitumia kumfuata.

Na jambo kubwa kuliko yote: miguu. Usisimame katikati yao hata kidogo. Rudi nyuma kwa mshazari mpaka wawili wawe kwenye mstari mmoja, mmoja mbele ya mwenzake. Hapo kuloki kunageuka rafiki yako, maana ukimloki wa mbele, wa nyuma naye yumo ndani ya kamera hiyohiyo. Tena For Honor mapigo ya mtu yanamuumiza na mwenzake. Wa nyuma akirusha shoka hovyo anampiga wa mbele. Watoto wa hapa kibandani kwangu nawafundisha hivi: tafuta mlango, simama ndani yake kidogo, sio kwenye kizingiti.

Zoezi: fungua mechi ya faragha, weka mabot (wachezaji wanaoendeshwa na mashine) wawili wa kiwango cha kwanza, usiue mtu. Dakika tano za kukinga na kurudi nyuma tu, na kila ukipangua uachie L2 uangalie nyuma hata kama hakuna kitu. Kidole kinatakiwa kizoee kuachia. Chako kimezoea kushika.

Turudi kwenye padi. Chini ya stiki kuna vipimo viwili vidogo, kimoja cha juu na chini, kingine cha kushoto na kulia. Ndani yake kuna njia nyembamba ya kaboni na kidole cha chuma kinachoisugua. Kikisugua miaka, kaboni inachubuka na kuacha vumbi jeusi, na padi inaanza kusema umegusa wakati hujagusa. Kwenye gemu la mpira unavumilia. Kwenye For Honor kinga inahama yenyewe. Kwenye Elden Ring kusukuma stiki ya kulia ukiwa umeloki kunahamisha shabaha kwenda kwa mtu mwingine, kwa hiyo stiki mbovu inakufanya umpige usiyemkusudia. Nimeletewa padi na watu walioamini hawajui kucheza. Weka padi mezani, ingia uwanja wa mazoezi, shika L2, usiiguse stiki, utazame alama ya kinga kwa dakika moja. Uniambie.

---

mpanguaji_tanga

Kaka mkubwa, shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Padi ni ya mtumba, niliinunua pamoja na mashine yenyewe mwaka jana. Nimefanya ulivyosema. Nimeilaza mezani, nimeshika L2 kwa kidole kimoja, mkono mwingine nimeukalia. Kinga ikakaa juu. Sekunde kama ishirini hakuna kitu. Kisha ikahama kushoto. Nikaacha. Ikatulia. Nikairudisha juu kwa stiki, nikaachia, ikahama kushoto tena baada ya muda kidogo.

Nimerudi kwenye video ya juzi na nyingine mbili. Kuna mapigo ya juu yaliyoniingia nikiwa nimejiapiza niliweka kinga juu. Sasa naona alama imesogea kushoto kabla ya pigo kufika. Miezi mitatu nilidhani ni pingi.

Hili la Ocarina kwamba wengine walikuwa wanasubiri limenifungua sana. Nilikuwa namng'ang'ania mmoja kana kwamba wengine wana adabu.

---

dada_kipanya

Samahani kwa kuingia katikati. Kaka fundi nakuheshimu na la padi umesema kweli, ila binamu wa mtoa mada ana hoja na hapa hajapata wa kumsemea.

Mimi nacheza kwenye kompyuta, Arusha. Mordhau, gemu jingine la panga, tangu ilipotoka mwaka 2019. Hakuna kuloki. Upanga unafuata kipanya tangu unapoanza mpaka unapomaliza kukata. Niwaonyeshe pigo moja. Napiga kutoka kulia kwenda kushoto. Nikigeuza mwili kushoto, upande ule ule chuma kinakokwenda, ncha inamfikia mpinzani mapema kuliko alivyotarajia. Nikigeuza kulia, kinyume chake, ncha inachelewa. Kukinga kule si kwa kushikilia, ni kwa kubonyeza na inadumu kitambo kifupi tu. Mpinzani ameona mkono wangu umetoka, amebonyeza, kinga imekwisha, chuma bado kiko njiani. Kinampata shingoni akiwa ameshakinga. Pigo moja, kitufe kimoja, nyakati tatu tofauti za kufika.

Sasa fikirieni kuweka kuloki hapo. Mashine ingeushika mwili wangu umkabili yeye muda wote, na hiyo kugeuka ndiyo silaha yenyewe. Ingekufa siku hiyohiyo. For Honor ilibidi itengeneze kuzuga kwa kitufe cha pekee kwa sababu kuzuga kwa mwili imekuondolea.

Na kundi likija, Mordhau inakufundisha shingo. Chivalry 2 vilevile, mna watu 64 uwanjani. Unakata, unageuka na lile pigo, macho yanakwenda na upanga, unawaona wote watatu ndani ya mkato mmoja. Mtoa mada, hata usipohama, cheza Chivalry 2 ya binamu yako wiki mbili. Utarudi For Honor na tabia ya kugeuka ambayo haifundishiki ukiwa umeshika L2.

Lakini la pingi niseme ukweli hata kama unanipinga. Kucheza upanga usiolokiwa kwa pingi 180 ni kazi. Unakata mahali mtu alipokuwa. Zamani nilicheza World of Warcraft, ambako unachagua shabaha kwa Tab na mashine haijali kama upanga umegusa. Inauliza tu: huyu umemchagua, umemkabili, yuko ndani ya yadi 5? Na mkiwa wote wawili mnakimbia, inaongeza yadi 2.66. Classic, lile toleo la zamani la gemu hilo lililorudishwa, ilipotoka 2019 watu walibishana sana juu ya hiyo nyongeza, maana unakatwa na mtu ambaye kwenye skrini yako yuko mbali. Mimi niliitetea na bado naitetea. Iliwekwa kwa ajili ya watu wa intaneti ya taratibu, na sisi ndio watu hao. Bila ile nyongeza, mwenye pingi 20 anakukimbia milele huku kwenye skrini yako umemkanyaga kisigino.

Kwa hiyo kadiri mashine inavyokulengea, ndivyo umbali wa seva unavyokuumiza kidogo. Hilo nalikubali, na silipendi.

---

fundi_padi_msa

Dada, sina la kukupinga kwenye kipanya. Pigo la kuchelewesha ulivyolieleza nimeliona na ni sanaa. Mordhau imekuja hadi PS5 na nimeijaribu kwa padi. Kugeuza kwa gumba ili ncha ichelewe naweza, lakini kwa hesabu uliyoizoea wewe, hapana.

Mdogo wangu, kuhusu pingi yako piga hesabu hivi, ya haraka tu. Mapigo mepesi mengi ya For Honor huchukua milisekunde 500, mengine 400. Toa 180 zako. Umebaki na 320 kwa yale ya kwanza, 220 kwa yale ya pili. Jicho kuona na kidole kubonyeza, mtu wa kawaida ni kama 250. Kwa hiyo pigo la 500 unaweza kulijibu kwa kuliona, ukiwa umetulia. La 400 huwezi, usijilaumu. Hilo unalikisia kwa kumjua mtu: anapiga wapi akiogopa, anapiga wapi baada ya kukingwa. Na televisheni yako iweke kwenye hali ya gemu, bila hivyo inakula nyingine kabla hujaona chochote.

Stiki usinunue padi nyingine. Tafuta fundi hapo Tanga mwenye mkono mzuri wa risasi ya kulehemu. Kipande kizima kinang'olewa, miguu yake ni 14, na ndiyo kazi: mwenye haraka anaibandua na njia za bodi. Akikuambia atapuliza dawa tu, itakaa wiki kisha irudi.

---

mpanguaji_tanga

Wakuu, wiki mbili na siku tatu baadaye. Nimeona si vizuri kuuliza halafu nipotee.

Nilimpata fundi karibu na stendi. Nilikaa naye akifanya kazi. Aliyeyusha risasi mguu mmoja mmoja na kufyonza, hakuvuta hata kidogo mpaka kipande kikatoka chenyewe. Akanifungulia kile cha zamani nikaona kwa macho yangu: mstari mweusi unaong'aa na katikati yake pamechubuka pakawa pa kijivu, upande wa kushoto. Pembeni vumbi jeusi kama la risasi ya penseli. Kile kipande nimekihifadhi.

Kinga sasa inakaa nilipoiweka. Nimeilaza mezani dakika tano nzima, haikuhama.

Zoezi la mabot nimefanya kila siku kabla ya mechi. Siku nne za kwanza kidole kilikuwa kinagoma. Najiambia achia, kinashika. Siku ya tano nilipangua pigo na kamera ikageuka nyuma kabla sijafikiria. Nilisimamisha gemu nikatoka nje kidogo, nilikuwa na furaha isiyo na mtu wa kumweleza.

Chivalry 2 nimecheza kwa binamu usiku sita. Dada, umesema kweli juu ya shingo. Umesema kweli pia juu ya pingi. Nimekata hewa nyingi sana. Lakini kule hakuna wa kukuangalizia, na nilipoirudia For Honor niliona jinsi skrini ilivyo pana.

Sasa ya juzi. Dominion, eneo C, niko peke yangu. Wakaja wawili, Orochi mwingine na Peacekeeper. Nikamloki Orochi, nikaanza kurudi nyuma kwa mshazari kuelekea mlango wa mnara. Peacekeeper akapiga kutoka kulia, nikapeleka stiki kulia bila kumtazama upanga. Ilikingika. Orochi akapiga juu, nikapangua, nikaachia L2, nikamuona Peacekeeper anazunguka kwenda mgongoni. Nikasogea hatua mbili ndani ya mlango, wakawa mstari. Peacekeeper akarusha pigo likampata Orochi. Nikabonyeza R2 na Orochi akaenda chini.

Peacekeeper aliniua baadaye, na alinipata kwa mapigo mepesi ambayo sikuyaona kabisa. Nadhani ndiyo yale ya 400. Lakini nilikaa pale C dakika nzima na ushee na wenzangu wakachukua A na B. Tulishinda mechi.

Kijana wa Likoni, ulilosema la kuchelewesha nimelikumbuka nikiwa nimelala chini natazama wenzangu wakikimbia.

Nimebaki na swali moja. Wakiwa watatu, ule mstari siupati, daima mmoja anabaki pembeni. Mnafanyaje hapo, au ndiyo nikimbie tu?

---

kijana_wa_likoni

Watatu ni mbio, ndugu yangu. Ila kimbia ukiwa umeachia L2, maana ukiishika hukimbii, unatembea kinyumenyume.